Tupeane uzoefu: mbunge au diwani aliyelibeba jambo lenu hapa Tanga, na watumishi waliotambuliwa wakiwa hai

Mwana Chumbageni (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la Bajeti likiwa Dodoma, redio za maduka ya kule Ngamiani hazizimwi kipindi cha maswali na majibu. "Mheshimiwa Spika, je, Serikali ina mpango gani..." Tumeyasikia maneno hayo hadi wengine wanageuza stesheni. Leo naomba tusimuliane yale yaliyozaa kitu. Ni lini mbunge au diwani wako alilibeba jambo lenu mpaka likaonekana kwa macho? Na ni mtumishi gani wa umma aliyepewa heshima yake na mwakilishi wenu akiwa bado hai na anasikia? Vyama tuviache mlangoni. Nataka habari ya mtu unayemjua.

Naanza na shangazi yangu. Alikuwa mkunga katika zahanati ya kijiji kimoja cha pwani ya Mkinga, toka usichana wake hadi anastaafu. Zahanati haikuwa na nyumba ya mtumishi, hivyo alipanga chumba upande wa pili wa kijiji. Usiku akigongewa dirisha anatoka na kurunzi mkononi na mfuko wa vifaa begani, mvua inyeshe isinyeshe, anapita kwenye minazi mpaka kwa mzazi.

Mbunge wa wakati huo alikuja kufanya mkutano wa hadhara. Wanaume waliuliza habari za umeme. Akinamama walisimama mmoja baada ya mwingine na kusema neno lile lile: mkunga wetu analala mbali. Yule mheshimiwa akaandika, na safari hii hayakufia kwenye daftari. Lilifika bungeni kama swali la nyongeza, Naibu Waziri akajibu kwa ahadi. Fedha za kuanzia zikatoka Mfuko wa Jimbo, wanakijiji wakasomba mawe na mchanga, halmashauri ikamalizia bati na milango. Nyumba ya vyumba viwili, hatua chache kutoka chumba cha kujifungulia. Shangazi alikaa humo miaka yake ya mwisho kazini.

Alipokaribia kustaafu, mbunge yule yule akamwalika Dodoma. Wanaofuatilia Bunge wanajua ule muda wa kutambulisha wageni walioko jukwaani. Shangazi alikuwa amevaa gauni la kitenge na mtandio mweupe. Likasomwa jina lake, mkunga, anatoka Mkinga, akasimama na ukumbi ukampigia makofi. Kijijini vigelegele vilipigwa mbele ya televisheni ya dukani mpaka mwenye duka akaongeza sauti bila kuombwa.

Aliporudi hakutusimulia ukumbi wala hoteli. Alisimulia kuwa binti aliyekaa naye jukwaani alimuuliza, "Mama, umezalisha watoto wangapi?" akashindwa kumjibu, kwa sababu rejista za miaka ya mwanzo ziliharibika paa la zahanati lilipovuja. Jambo hilo bado linamuuma. Anasema kila jina lililokuwemo mle ni mtu.

Karibuni.

Mwalimu wa Pongwe

Mwanangu, nimesoma habari ya shangazi yako nikanyamaza kwanza. Mpe salamu zangu.

Mimi nitasema la wastaafu, maana heshima ya mtumishi inapimwa siku anaporudisha funguo za ofisi. Vijana hili la kikokotoo, kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, mnalisikia juu juu. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iliunganishwa tukapata mmoja, PSSSF, na kanuni mpya zikashusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25. Kuna wenzetu walioingia kazini wakijua watapata asilimia 50. Mkupuo ule ndio wa kumalizia nyumba iliyoishia kwenye linta, ndio wa kununua shamba. Desemba ya mwaka huo huo Rais Magufuli akasitisha. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote.

Kilichofuata nilikifuatilia kwa karibu. Kila bajeti, wabunge walisimama kulisemea: waliokuwa walimu, waliokuwa polisi, wenye wazazi wastaafu. Wengine waliongea kwa hasira, wengine kwa hesabu. Juni 2024 Waziri wa Fedha, Dkt. Mwigulu Nchemba, alisoma bajeti na ndani yake mlikuwa na jibu: waliokuwa na haki ya asilimia 50 kabla ya kushushwa wapande kutoka 33 hadi 40, na wale wa 25 wafike 35. Hamsini haikurudi. Lakini mwalimu anayestaafu leo anaondoka na fedha zaidi mkononi, na sababu mojawapo ni kwamba kuna watu walikataa kuliacha jambo lipoe.

La pili ni langu mwenyewe. Mwaka mmoja nilichaguliwa mfanyakazi hodari Mei Mosi. Nikapewa cheti mbele ya umati na kutangaziwa kiasi cha fedha. Cheti nilirudi nacho siku ile ile, fedha sikuziona. Nilienda ofisini kwao nikaambiwa fungu halijaingia, nikaenda tena nikaambiwa faili haliko mezani. Diwani wetu wa viti maalumu ndiye aliyelisimamisha hilo katika Baraza la Madiwani. Hakuwa na maneno mengi. Alisoma majina yetu wote tuliotangazwa uwanjani, jina na kituo cha kazi, kisha akauliza: "Hawa tuliwaita mbele za watu. Tuliwaitia nini?" Wiki hazikupita nyingi tukaitwa kusaini. Cheti kipo sebuleni kwenye fremu, na nikikitazama namkumbuka yule mama kabla ya wote.

Bint Makorora

Shikamoo mwalimu. Umenigusa.

Mimi ni mama wa mtoto njiti. Alizaliwa hospitali ya Bombo, mimba ya miezi saba, mkono wake mzima ulienea kwenye kidole changu cha shahada. Nilikuwa nimeajiriwa, na sheria ya kazi ya 2004 ilinipa likizo ya uzazi ya siku 84 kama mzazi mwingine yeyote. Siku hizo huanza kuhesabiwa wakati mtoto wako hajaruhusiwa hata kutoka wodini. Unakaa kwenye kiti, kifua wazi, mtoto amefungwa kwa kanga ngozi kwa ngozi, unamkamulia maziwa yanapita kwenye mpira mwembamba puani, huku kichwani unahesabu tarehe ya kurudi kazini. Likizo yangu iliisha mwanangu akiwa hajafikisha uzito ambao wengine huzaliwa nao.

Muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa akipita kitanda kwa kitanda akigusa miguu ya watoto kuona kama imepoa. Haandikiwi popote kwamba aligusa miguu. Ndiyo kazi ninayotaka itambuliwe kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, kwa kutajwa anachokifanya, si "wauguzi wote kwa ujumla".

Kuhusu wabunge: jambo la njiti lilipelekwa kwao na wazazi na wanaharakati kwa miaka, na wapo waliolishika na kulirudia. Mwaka 2025 sheria za kazi zikarekebishwa. Sasa kipindi ambacho mtoto bado hajatimiza wiki 40 za mimba hakiliwi kwenye likizo ya mama, na baba wa njiti anapata siku 7 badala ya 3. Mimi haikunikuta. Mdogo wangu imemkuta. Nilimsomea kifungu kwa simu, naye akanitaka nikirudie.

Mkweli wa Duga

Naheshimu simulizi zenu ila niseme ninachoamini. Wawakilishi wengi wanakumbuka watumishi uchaguzi ukikaribia. Makofi hayalipi kodi ya nyumba. Na kwa nini kila siku ni muuguzi na mwalimu? Mama anayefagia soko alfajiri, nani amemwita Dodoma?

Mzee wa Bweni

Mkweli, uliyosema yana ukweli, na ndiyo maana nitamtaja mtu wa kivuko.

Wasioijua Pangani: mji uko ng'ambo moja ya mto, Bweni ng'ambo ya pili, na katikati ni kivuko. Hospitali ya wilaya iko mjini. Mgonjwa wa Mwera, Mkwaja au Kipumbwi lazima avuke maji ndipo aonane na daktari. Usiku kivuko kikishafungwa, roho za watu zinakuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyelala nyumbani kwake. Sisi tulikuwa na mfanyakazi wa kivuko ambaye ukimpigia simu saa nane za usiku hakuulizi nani analipa. Anauliza mgonjwa ameshafika gatini au bado yuko njiani, ili ajue kama awashe mashine sasa hivi. Mke wa mpwa wangu alivushwa hivyo, uchungu umeshamshika, na akajifungua salama upande wa mjini.

Diwani wa kata yetu wakati huo alilipeleka suala lake barazani kwa namna niliyoipenda. Aliomba kwanza mtu huyu na wenzake wapewe zamu ya usiku inayotambulika na posho yake, halafu ndipo akaomba barua ya pongezi. Alisema barua bila zamu ni kumzidishia mzigo. Zamu ilipangwa. Barua ilisomwa kwenye mkutano wa kijiji, akiwa amekaa mstari wa mbele na wajukuu zake.

Na lile kubwa zaidi ni barabara na daraja. Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Makurunge kule Bagamoyo, kilomita 256, tumeililia miaka mingi. Mbunge wetu tangu 2015, Jumaa Aweso, ameisemea bungeni na nje ya Bunge, na sasa ujenzi unaonekana, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani. Siku magari yatakapopita juu yake, ningependa wale wa kivuko wapite wa kwanza.

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi ya kuandika mihtasari ya vikao vya halmashauri karibu maisha yangu yote, nimewasikia madiwani na wabunge wengi. Naomba niwaeleze mambo yanavyokwenda, maana wengi humlaumu mbunge kwa asichoweza na kumsamehe kwa anachoweza.

Mbunge peke yake hawezi kuleta muswada wa kuongeza matumizi ya Serikali au kubadili kodi. Ibara ya 99 ya Katiba inataka pendekezo la namna hiyo litoke kwa Rais kupitia Waziri. Akikuahidi kwenye kampeni kuwa atapitisha sheria ya kuwaongezea wauguzi mishahara, ujue hana uwezo huo. Alichonacho ni sauti na muda. Ana swali la msingi, swali la nyongeza, hoja binafsi, nafasi katika kamati, na wakati wa bajeti anaweza kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kuzuia kifungu kisipite mpaka Waziri atoe maelezo yanayoeleweka. Nimeona Waziri anayejibu swali kwa mistari miwili akitoa tarehe na kiasi cha fedha baada ya shilingi kushikwa. Tena yeye mbunge ni mjumbe wa Baraza la Madiwani. Asiyehudhuria baraza amejinyima silaha iliyo karibu kuliko zote.

Kupata pia si mwisho. Mnakumbuka taulo za kike? Wabunge wanawake walilisemea sana, Upendo Peneza akiwa mmoja wa waliosikika zaidi. Bajeti ya 2018/19 ikaondoa VAT kwenye taulo hizo. Mwaka uliofuata ikarudishwa, maelezo yakiwa kwamba bei madukani haikushuka. Kwa maoni yangu hapo kilichokosekana ni wa kufuatilia wauzaji, na mabinti zetu wakaachiwa gharama. Anayebeba jambo alibebe mpaka dukani.

Na tusiwasahau wa nyumbani wakifanya kubwa. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulipopitishwa Novemba 2023, Waziri wa Afya aliyeusimamia bungeni alikuwa Ummy Mwalimu, mbunge wetu wa Tanga Mjini wakati huo. Utekelezaji ni kazi nyingine, lakini sheria ipo.

Mwana Chumbageni

Karani, ahsante sana, hili la Ibara ya 99 wengi hatukulijua. Mkweli, naungana nawe kuhusu mama wa soko. Mtaje hapa kazi yake, jina tuliache kwa usalama wake.

Mkweli wa Duga

Si wa soko peke yake. Huku kwetu kuna bwana afya wa kata. Mwaka ule wa kipindupindu alipita visima vyote na ndoo ya dawa, baiskeli yake yenyewe, matairi yake mwenyewe. Aliwafungia hata jamaa zake waliokuwa wakiuza vyakula wazi, wakamnunia mwaka mzima. Yuko karibu kustaafu na hajawahi kupandishwa daraja kwa wakati. Karani, nikitaka mbunge alijue hili, napitia wapi? Nimwandikie mtendaji wa kata kwanza?

Karani Mstaafu

Andika moja kwa moja ofisi ya mbunge ya jimbo, nakala kwa diwani na kwa mtendaji. Ukurasa mmoja unatosha. Eleza anachokifanya kama ulivyoeleza hapa, halafu weka ombi mbili zikiwa mbalimbali: la pongezi, na la kufuatilia madaraja yake. Ukizichanganya watakupa jepesi na kufunga faili. Peleka kabla ya Aprili, na unaposajili barua dai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Mkweli wa Duga

Nimekuelewa. Wawili wa mtaani watasaini pamoja nami. Tunaipeleka Jumatatu.