Saa yangu inanidanganya joto la maji, nyie mkiwa kwenye kayaki mnapimaje?

kasia_moja: Wakuu habari za wikendi. Napiga kasia Ziwa Superior huku Duluth, Marekani, na saa yangu ya michezo inapima joto. Jumapili ikaniambia maji digrii 21 nikasema leo raha, kuchovya mkono nikautoa mbio, baridi mpaka vidole vinauma!! Sasa mnatumia nini? Maana nguo navaa kwa kufuata hiyo namba, na draisuti (lile vazi lisiloingiza maji) kwenye jua ni oveni.

BabaNaila: Saa ukiivaa inakupima wewe kaka, sio maji. Ivue, ifunge kamba, izamishe dakika kumi uone namba itakavyoporomoka.

mpishi_wa_ufukweni: Usije ukanunua ile bunduki ya infraredi kama mimi, ile inasoma ngozi ya juu tu ya maji, hata milimita haifiki, na ukiielekeza kwa kulaza inaokota mng'ao wa angani. Yangu sasa hivi inapima kikaango.

chubwi: Tafuta kipimajoto cha nyama chenye waya mrefu, bei rahisi. Ile ncha ifunge kwenye mshipi wa kuvulia na chubwi, ishushe kama mita moja upande wenye kivuli, kile kichwa chenye betri kiwe kwenye mfuko usioingia maji, halafu acha kupiga kasia usubiri mpaka namba isimame, watu wengi wanakosea hapo wanachovya sekunde tano wanaandika. Ila kwanza kijaribu nyumbani, glasi ijae barafu iliyopondwa, weka maji kidogo, koroga, lazima isome 0. Ikisoma 2 ujue kila ukipima unatoa 2.

mama_wa_ziwani: Na upepo jamani. Hapo Duluth ukivuma wa magharibi unasukuma maji ya moto kuelekea katikati ya ziwa, ya chini yanapanda, nimeshakuta jana 18 leo 9 na jua linawaka vilevile. Kwa hiyo pima siku hiyohiyo, ukiwa umeshatoka ufukweni, pale kwenye maji ya magoti panadanganya. Angalia na boya za NOAA (idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa) ulinganishe. Mimi chini ya 15 navaa draisuti, nitokwe jasho tu.

kasia_moja: Asanteni sana. Nimejaribu ya glasi, kinasoma 1.5, nitakuwa natoa. Tatizo wife anaulizia kipimajoto chake cha nyama kiko wapi 😅