Mrejesho: yale mabaka meupe kwenye nguo nyeusi

Wakuu, habari zenu. Niliuliza namna ya kuondoa mabaka meupe ya sabuni ya unga kwenye suruali nyeusi na sketi za shule za bluu nzito. Yametoka.

Aliyesema tatizo ni ubaridi wa maji alilenga penyewe. Hapa Uyole, Mbeya, Julai hii maji ya bomba asubuhi yanauma vidole, na unga hauyeyuki vizuri; chembe zinajificha kwenye mishono, nguo ikikauka zinajitokeza. Sasa naukoroga kwanza kwenye maji ya moto mpaka uyeyuke wote, ndipo namimina kwenye beseni. Kipimo pia nimepunguza, maana povu jingi linataka maji mengi ya kusuuzia, na kuyachota ni kazi.

Zenye mabaka tayari niliziloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye siki nyeupe, nusu kikombe kwa ndoo, kama nusu saa, kisha nikasuuza. Harufu inaisha nguo ikikauka. Mama mkwe hakuamini hadi aliponusa. Ila siki na jiki msichanganye kabisa, hutoa gesi ya klorini.

Limebaki koti la sufu, sijaligusa. Anayelijulia anielekeze.