Acheni kutuambia "zeruzeru" ni neno la kawaida na kwamba sisi tunaolikataa tumeiga Wazungu

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, na watakaokuja na "punguza jazba mama" wajue mapema kwamba sipunguzi.

Kwenye grupu la WhatsApp la wazazi wa darasa la binti yangu, mwalimu alituma tangazo la ziara ya shule akaandika kwamba "yule zeruzeru aje na kofia". Binti yangu ana jina, na huyo mwalimu humwita kila asubuhi kwenye mahudhurio. Nikamjibu palepale, kwa adabu, nikamwomba aandike jina lake, na kama ni lazima hali yake itajwe, basi aandike mtoto mwenye ualbino. Mwalimu hajajibu, mzazi mmoja akadakia: huu ni usahihi wa kisiasa wa Wazungu, msituharibie Kiswahili chetu. Vikafuata vikatuni vya kucheka. Mwalimu naye akaweka dole gumba.

Haya, tuanze na huo Uzungu. Msemo wenyewe, "usahihi wa kisiasa", yaani kuchunga maneno ili usimdhalilishe mtu, kweli ulivuma kutoka Marekani. Miaka ya 1970 watu wa mrengo wa kushoto kule walikuwa wakitaniana nao wenyewe kwa wenyewe, na ilipofika Mei 1991 Rais George H. W. Bush akaulalamikia hadharani kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Michigan, kwamba unabana uhuru wa kusema. Wana ugomvi wao, na baadhi ya hoja zao nazikubali kabisa. Mtu kupoteza kazi kwa neno moja lililomponyoka ni jambo la kujadiliwa kwa haki.

Lakini nani kawaambia kuchunga maneno kulikuja na meli? Tafsida tumefundishwa darasani, tena na walimu wa Kiswahili. Nani kati yenu ameingia msibani akamwambia mfiwa "pole, nasikia baba yako kafa"? Nani anasimama mbele ya wakwe na kutamka "mke wangu ana mimba" badala ya kusema ni mjamzito? Enzi za Mwalimu Nyerere waziri na mkulima wote waliitwa ndugu, na chama kilisisitiza hivyo kwa makusudi kabisa, kwa sababu kilijua jina unalomwita mtu linaonyesha umemweka wapi. Na kwenye UKIMWI je? Mtaani tulikuwa tunasema "kakanyaga miwaya", "ana ngoma", tunacheka, huku watu wanajificha na kufa bila kupima. Leo kliniki wanasema anaishi na VVU, na tangu 2008 tuna sheria inayokataza unyanyapaa. Sijaona aliyelia kwamba Kiswahili kimeharibika.

Kwa hiyo mnapopinga hapa kwenye ualbino tu, mniambie ukweli: mnachokitetea si lugha.

Mimi ni wa Kanda ya Ziwa na binti yangu nimemzaa huku. Hilo neno kwetu lina damu. Lilitembea pamoja na uongo kwamba "zeruzeru hafi, hupotea tu", na mtu aliyelelewa na uongo huo hahisi kuwa anayemkata mkono ni binadamu. Kisha likaja lile la vijiweni, "dili", yaani viungo vyake ni pesa. Mtoto anapita na ndoo ya maji, vijana wanaguna "dili hilo". Wanasema ni utani. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino walianza kuuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina Mwanza, Shinyanga na mikoa jirani, wengine ndani ya nyumba zao usiku. Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda alitokwa machozi bungeni akilizungumzia. Watoto wakakimbiziwa kwenye vituo vya Buhangija pale Shinyanga na Mitindo kule Misungwi, wengine wakakulia huko mbali na mama zao. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi. Na msije kuniambia hayo ni ya zamani. Mei 2024, Muleba, Kagera, mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili na ushee aliporwa nyumbani kwao, na Juni mwili wake ukapatikana umeondolewa viungo.

Usiku nilipoisikia habari hiyo nililala na mwanangu kitanda kimoja, mlango nimeuegemeza kabati. Sasa mtu anayelala usingizi wake vizuri aje anifundishe kwamba nina "hisia nyepesi"?

Najua si wote wenye ualbino wanafikiri kama mimi. Wapo wanaosema "niite albino, haina shida", na hiyo ni haki yao kwa sababu ni mwili wao. Wapo wanaochukia zaidi "mlemavu wa ngozi", ambalo magazeti yalilitumia yakidhani ni heshima. Chama chao chenyewe kimebadilika, kilikuwa cha Maalbino, sasa ni Chama cha Watu wenye Ualbino. Mabishano hayo nayaheshimu kwa sababu wanabishana wenyewe juu ya jina lao. Baba wa mtoto mwingine kunichagulia jina la mwanangu ni jambo jingine kabisa.

Na nyie wa maofisini mnaojua maneno yote mazuri, msidhani nimewasahau. Kila tarehe 13 Juni mabango yanapendeza, "watu wenye ualbino" kila kona, fulana mpya, hotuba ndefu zinasomwa na watoto wamepangwa juani. Juani! Ukienda zahanati kuuliza mafuta ya kukinga mionzi, hayapo. Hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza mafuta hayo, Kilisun, yanatengenezwa hapahapa nchini kwa ajili ya ngozi hizi, lakini mzazi wa kijijini huku anayasikia redioni tu. Saratani ya ngozi inaondoka nao wakiwa bado vijana. Mkiniita kwenye warsha kunifundisha istilahi, njooni na chupa za mafuta na miwani, na muwaambie walimu wamkalishe mtoto mbele maana ubao hauoni. Binti yangu bado anakaa dawati la tatu kutoka nyuma.

Wa "tuna matatizo makubwa zaidi ya kujadili", pita tu uzi mwingine. Ninaowahitaji ni wazazi na walimu wenye uzoefu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ninayo na nimeshaanza kuandika barua. Naianzia kwa mwalimu mkuu, kwa afisa elimu kata, au niende moja kwa moja kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri? Na picha za lile grupu nizichapishe niambatanishe, au nisubiri waziombe?