Naomba ushauri: spesa ya kabureta kwenye Hilux ya 22R

Wakuu, habari za saa hizi. Nina Hilux ya injini ya 22R, cc 2366, ya kabureta. Asubuhi inawaka mara moja. Shida ni nikishatembea juani, nikaizima dakika 15 hivi: napiga stata mpaka naionea huruma betri, na kabureta ukiigusa inaunguza. Nimegundua fundi wa mwanzo aliifunga kwa gasketi tupu. Ile spesa, yaani kipande kinene kinachokaa chini ya kabureta kuzuia joto la manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa na petroli kwenye injini), hakuirudisha.

Fundi wa sasa anataka kuchonga ya alumini, milimita 25, anasema itaongeza nguvu. Nasita, maana alumini inapitisha joto. Mimi naona bora ya plastiki ngumu. Halafu matundu ya spesa: yawe mawili yanayofuata koo za kabureta, au moja la wazi? Nasikia la wazi husaidia resi za juu lakini hupunguza mvuto wa chini, nami napandisha mizigo milimani.

Aliyewahi kufunga, ilibidi abadilishe jeti (vitundu vya kupimia petroli ndani ya kabureta), au kurekebisha silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) na skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli kulitosha? Na boneti ilifunga bila kugusa?