Gego la utoto limetoboka: tuzibe, tupake dawa au ling'olewe?

MamaImani
Wapendwa, naombeni ushauri. Binti yangu ana miaka 6. Juzi nampigisha mswaki nikaona gego la chini limetoboka, tundu la kuingia punje ya mchele. Halimuumi, ila nyama ikinasa humo analia. Kliniki ya kwanza wanataka kung'oa, eti litatoka tu. Ya pili wanasema wazibe kwa ile nyeupe ya kupigwa taa, na bei imenishinda. Jirani naye anasema kuna dawa ya kupaka. Nishike lipi?

BabaWawili
Usikubali kung'oa haraka, mama. Wangu aling'olewa gego akiwa na umri huohuo. La nyuma yake likasogea likaziba pengo, la ukubwani likakosa njia. Sasa ana miaka 12 na jino limechomoza pembeni kabisa. Hakuna aliyetuambia kwamba magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 au 12.

TabibuKinywa
Pole mama Imani, na BabaWawili kasema kweli. Kama haamki usiku kwa maumivu na fizi haina kijipu, jino hilo linaokoleka.

Uliza glasi ayonoma, simenti ya kuzibia meno. Haihitaji taa wala mashine, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Tunakwangua uozo laini kwa kijiko kidogo cha chuma, tunajaza, kisha nakandamiza kwa kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini mpaka ianze kushika. Mtoto asile kwa saa moja. Simenti yenyewe hutoa floraidi kidogo kidogo. Njia hii ya kutumia vyombo vya mkono ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, nami naionea fahari, maana inafika hata kusiko na umeme.

Udhaifu wake uko kwenye tundu lililokula pande mbili. Tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha kwamba kwenye magego ya utoto, ziba za upande mmoja zilizodumu miaka 2 ni karibu 94 kati ya 100. Za pande zaidi ya moja ni kama 65 tu.

MamaZuu
Dawa ya kupaka ni floraidi ya fedha, mwanangu alipakwa akiwa na miaka 4. Alikuwa hakai kitini hata sekunde. Daktari alikausha jino, akagusisha kibrashi chenye tone moja, kama dakika hivi, basi. Uozo ukageuka mweusi na mgumu kama kokoto. Tone liligusa mdomo, doa likakaa wiki nzima. Tunarudi kila miezi 6. Weusi hautoki, kwa hiyo kwa meno ya mbele fikiria mara mbili.

Mshamba_Mjini
Na ile ya rangi ya fedha waliyotuzibia sisi zamani? Yangu ina miaka 20 haijatikisika.

TabibuKinywa
Amalgamu ni imara, hilo halina ubishi. Ila nusu ya uzito wake ni zebaki. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa dunia wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana isitumike kwenye meno ya utoto, kwa walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari aone hapana budi. Yako iache ilivyo, usikimbilie kuitoa.

Ile nyeupe ya taa inapendeza, lakini inataka jino kavu kabisa. Kwa mtoto anayetema mate kila dakika ni kazi. Glasi ayonoma na floraidi ya fedha zote ziliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, kwa hiyo usione haya kuziulizia hata hospitali ya wilaya.

MamaImani
Asanteni sana. Nimemulika kwa tochi ya simu: tundu liko juu katikati, pembeni pazima. Usiku analala fofofo. Jumatatu asubuhi naenda hospitali ya wilaya kuuliza glasi ayonoma.

TabibuKinywa
Mpe chai kabla hamjatoka.