Sheria za mishahara Kenya: mnafuatilia vipi mabadiliko bila kuzama kwenye PDF na vikundi vya WhatsApp?

Kalamu_Thika:
Wadau, hamjambo. Nashughulikia mishahara ya kampuni ndogo tatu. Kila wiki naletewa majarida ya kampuni za ukaguzi wa hesabu, PDF za WhatsApp, video na mialiko ya semina za mtandaoni. Nyingi zinarudia jambo moja, nyingine zinapingana. Hata vikokotoo vya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) havikubaliani: mshahara wa 50,000 kimoja kinasema kodi ni 5,845.85, kingine 6,164.60. Nisome nini, na niache nini bila kumwingiza mwajiri kwenye faini?

Safuwima_Nakuru:
Tuanze na vikokotoo, maana hapo ndipo tatizo lenyewe linapoonekana. Jibu sahihi kwa viwango vya 2025 ni 5,845.85. Toa kwanza NSSF (akiba ya uzeeni) 3,000, SHIF (bima ya afya) 1,375 na tozo ya nyumba 750. Zinabaki 44,875 za kutozwa kodi. Shilingi 24,000 za kwanza kwa 10% ni 2,400. 8,333 zinazofuata kwa 25% ni 2,083.25, 12,542 zilizobaki kwa 30% ni 3,762.60. Jumla 8,245.85, ukitoa nafuu ya kibinafsi (punguzo la kodi la mfanyakazi) ya 2,400 unapata jibu.

Hicho cha 6,164.60 kimebaki nyuma ya tarehe 27 Desemba 2024. Kabla ya hapo SHIF na tozo ya nyumba hazikupunguza mapato ya kutozwa kodi. Mfanyakazi alipewa nafuu ya 15% ya michango hiyo. Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ya 2024 iliondoa nafuu hizo na kuruhusu michango yenyewe ikatwe kabla ya kodi. Makala za zamani bado zinajitokeza juu kabisa ukitafuta, na nyingi hazina tarehe.

Kwa hiyo ushauri wangu: acha kufuatilia habari za kodi, fuatilia namba zako. Mishahara ya kawaida inaendeshwa na namba chache tu: ngazi za PAYE, nafuu ya kibinafsi, vikomo viwili vya mshahara unaokatwa NSSF, asilimia ya SHIF na kima chake cha chini cha 300, tozo ya nyumba ya 1.5%. Tengeneza jedwali, kila namba na mstari wake, kisha uandike sheria na kifungu kilichoiweka, tarehe ilipoanza, na tarehe ulipoihakiki mara ya mwisho. Makala isiyogusa mstari wowote, iweke kwenye folda bila kuisoma. Wafanyakazi wakipewa gari au nyumba ya kampuni, ongeza mistari ya marupurupu hayo. Kama hawapewi, semina ya saa tatu kuhusu marupurupu haikuhusu mwaka huu.

Gazeti_Kwanza:
Naongezea kuhusu hizo PDF. Kabla ya kusoma hata ukurasa wa pili, tazama kama ni mswada au ni sheria. Sheria ina namba na mwaka, ina tarehe ya kutiwa saini na Rais, na imechapishwa kama nyongeza ya Gazeti rasmi la serikali. Ukikosa hivyo, mkononi una pendekezo tu. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipitishwa na Bunge tarehe 25 Juni, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Uchambuzi wake ulikuwa umeshasambaa, na haukuondolewa kote.

Ukishapata sheria yenyewe kwenye tovuti ya Kenya Law, nenda kifungu cha 1. Hapo ndipo tarehe za kuanza zinapoandikwa, na vifungu vya sheria moja vinaweza kuanza kwa tarehe tofauti. Watu wengi huruka kifungu hicho, kisha wanabadilisha kila kitu 1 Julai.

Halafu kuna mahakama. Sheria ya Fedha ya 2023 ilibatilishwa na Mahakama ya Rufaa 31 Julai 2024, Mahakama ya Juu ikasimamisha hukumu hiyo Agosti, na 29 Oktoba ikaitengua. Aliyebadilisha makato kwa kusoma kichwa cha habari cha Julai alijitafutia deni. Weka safu ya kesi kwenye jedwali, na usiguse namba mpaka usome amri yenyewe: imeanza kutumika leo, au imesimamishwa kusubiri rufaa?

DadaWaMishahara:
Nakubaliana na wenzangu, ila msimwambie atoke vikundi vyote. Abaki na kimoja chenye wahasibu wanaofanya kazi hii, akizime sauti, akifungue siku za kuwasilisha. Mfumo wa iTax wa mamlaka ya kodi ukigoma karibu na tarehe 9, huko ndiko utajua mapema. Kwa viwango, kikundi kisitumike kabisa.

Barua pepe, weka kanuni ya kuhamishia majarida yote folda moja, uifungue mara moja kwa mwezi, siku chache kabla ya kufunga mishahara. Isipokuwa nyakati tatu: mwisho wa Juni, Desemba, na Januari ukijiandaa kwa NSSF, ambayo vikomo vyake vimekuwa vikipanda kila Februari. Cha juu kilikuwa 36,000 Februari 2024, kikawa 72,000 Februari 2025.

Na tafadhali, usifute kiwango cha zamani. Ongeza mstari mpya wenye tarehe. Siku utakaporekebisha ritani ya Novemba 2024 utahitaji viwango vya Novemba 2024, na fomula iliyoandikiwa juu itakupa jibu la leo bila kukuonya.

Kalamu_Thika:
Asanteni sana. Nikibadilisha namba, nahakikisha vipi kwamba fomula haijaharibika?

Safuwima_Nakuru:
Weka wafanyakazi watatu wa majaribio kwenye nakala ya faili. Wa 8,000: SHIF lazima isome 300, maana 2.75% ingetoa 220. Wa 50,000 unaye tayari. Wa 150,000 anapima kikomo cha NSSF. Kwa viwango vya Februari 2025 makato yake ni 4,320, na yakisoma 9,000 fomula haioni kikomo. Wapige kwa kikokotoo cha mkononi kwanza, kisha linganisha na faili.