Msaada: tangawizi inakata maziwa, chai ya kijani inatoka chungu

Binti_Buhongwa
Habari za jioni wakuu. Nipo Buhongwa hapa Mwanza, naomba wanaoijua chai wanisaidie. Natumia jiko la gesi, sufuria ya alumini, maji ya bomba na maziwa mabichi ya kupimiwa. Nikiweka tangawizi kwenye chai ya maziwa, maziwa yanakatika, ila siyo kila siku, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Chai ya kijani inakuwa chungu na ina ukakasi. Na hii chai ya rangi ya majani makubwa haikolei. Nirekebishe nini?

Mzee_wa_Kirumba
Binti, tuanze na tangawizi. Ikiwa mbichi ina kimeng'enya kinachoitwa zinjibaini, ambacho kazi yake ni kukata protini. Kikikutana na maziwa ya moto wa wastani, nyuzi 60 hivi, kinayagandisha. Maji yanayochemka yanakiua. Kwa hiyo siku tangawizi ilipochemka vizuri kabla ya maziwa, ulipona. Siku ulipotia vyote pamoja vikapanda moto polepole, yakakatika.

Kwa vikombe vinne: maji mililita 600, maziwa 400. Twanga tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba na iliki nne, weka kwenye maji ya baridi, funika. Yakianza kuchemka, hesabu dakika 8. Tia majani ya kawaida vijiko vya chai vitatu, visawazishwe, dakika 2. Hapo ndipo maziwa yanaingia, na yawe yameshachemshwa pembeni na bado ya moto. Yaache yapande, punguza moto, yapande tena, zima. Chuja hapo hapo. Tafadhali usimimine majani kwenye chupa ya chai. Yanaendelea kutoa uchungu humo ndani hadi jioni.

Nyegezi_Juu
Naongezea kwa mzee: angalia na maziwa yenyewe. Maziwa ya asubuhi yakikaa nje ya friji mpaka saa kumi jioni, kwa joto letu hili, yameshaanza kuchachuka hata kama hayanuki. Chota vijiko viwili, uyachemshe peke yake. Yakikatika, tangawizi haihusiki, na hakuna ufundi wa kupika utakaoyaokoa. Na kama unatumia sukari guru, itie baada ya kuzima moto, maana nayo inaweza kukata maziwa.

Majani_Makubwa
Dada, hayo mawili ya mwisho yote ni suala la joto la maji, na Mwanza tuna hali yetu. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100 kama Tanga au Dar. Majani ya unga unga hayasumbuki na hilo. Yamepondwa, yamechanwa na kuviringishwa kiwandani, ndiyo maana rangi inatoka kwa dakika mbili, na chai nyingi ya Mufindi na Rungwe inasindikwa hivyo. Majani makubwa yanafunguka taratibu na yanataka kila nyuzi unayoweza kuyapa. Suuza birika kwa maji yanayochemka, umwage, tia majani, mimina maji yakiwa bado yanatokota, funika na uvike kitambaa kizito. Dakika 5. Birika la baridi peke yake linaweza kukupotezea nyuzi kadhaa, na hata ukiongeza majani pengo hilo halizibiki vizuri. Kumbuka pia kijiko cha majani makubwa kina uzito mdogo kuliko cha unga unga, kwa hiyo kijaze mpaka kiwe na kichwa.

Chai ya kijani ni kinyume kabisa. Maji ya moto sana yanavuta katekini, yaani viini vichungu vya majani ya chai, nyingi kwa haraka, na huo ndio uchungu na ukakasi unaousikia. Inataka nyuzi 75 hadi 80. Kama huna kipimajoto, changanya vikombe vitatu vya maji yanayochemka na kimoja cha maji ya kunywa yasiyo ya friji. Utapata 78 hivi. Majani gramu 2 kwa kikombe cha mililita 200, dakika 2, kisha yatoe yote. Usiyatupe, yanafaa kwa kikombe cha pili, ila mara hii dakika 3. Chai ya kijani nzuri ina utamu wake kwa mbali, na inasikitisha kuona watu wanaiacha kwa sababu ya maji tu.

Binti_Buhongwa
Nashukuru sana wakuu. Na mchaichai na choya (rosela, ile nyekundu), naweza kupikia sufuria hiyo hiyo?

Mama_Igoma
Mchaichai sawa, mwanangu. Ponda sehemu nyeupe ya chini, chemsha dakika 5 ukiwa umefunika, maana harufu ndiyo chai yenyewe na inaondoka na mvuke. Choya usipikie alumini: ina asidi, inakula sufuria na ladha inabadilika. Tumia ya chuma cha pua au ya udongo, konzi moja kwa lita, na usiitie maziwa, yatakatika papo hapo.

Maji ya bomba yakinuka dawa, yachemshe kidogo bila kifuniko kabla ya kutia chochote. Na majani yako unayaweka wapi? Majani ya chai yanavuta harufu haraka mno. Kabati lenye dagaa halifai hata kama pakiti imefungwa kwa mpira. Weka kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, mbali na jiko, na iliki ikae kopo lake.